Shajara ya tasnifu: Kenya, Somalia na mpaka wa bahari

Januari, wiki ya pili

Msimamizi amenirudishia karatasi yangu ikiwa na alama moja tu ya kalamu nyekundu: duara kuzunguka neno "Afrika". Mada niliyompelekea ilihusu nguvu ya sheria ya kimataifa barani. "Afrika ipi?" akaniuliza. "Na hiyo nguvu utaipima kwa kipimo gani? Nipe kesi moja, mahakama moja, na swali ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu."

Kesi ninayo. Tarehe 28 Agosti 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kuhusu mpaka wao katika Bahari ya Hindi. Eneo lililogombaniwa lilizidi kilomita za mraba 100,000. Hukumu ilisomwa 12 Oktoba 2021. Baina ya tarehe hizo mbili kumejaa kila tunachofundishwa darasani: mafuta, majeshi, mabalozi kuitwa nyumbani, miraa, uchaguzi, na dola iliyosusia vikao dakika za mwisho. La kunifaa zaidi ni kwamba mahakama huweka kwenye tovuti yake maandishi ya pande zote mbili pamoja na kumbukumbu za vikao. Kwa mwanafunzi asiye na nauli ya kwenda Uholanzi, hilo ni nusu ya ufadhili.

Swali la muda: kwa nini Kenya iliikataa hukumu?

Januari, mwisho wa mwezi

Swali la muda halikuchukua muda. Mwenzangu wa meza ya maktaba amelijibu kwa maneno matatu: "Kwa sababu ilishindwa."

Ila wapo walioshindwa wakakubali. Nigeria ilinyimwa rasi ya Bakassi tarehe 10 Oktoba 2002, ikanuna, ikazungumza, ikatia sahihi makubaliano ya Greentree mwezi Juni 2006, na Agosti 2008 ikamkabidhi Kamerun. Wapo pia waliotoka mlangoni mapema. Marekani ilipoambiwa mwezi Novemba 1984 kwamba mahakama ina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Nikaragua, ilijitoa Januari 1985, na kabla ya mwaka kwisha ikatangaza kufuta kukubali kwake mamlaka ya lazima ya mahakama hiyo.

Kenya haikufuata njia ya Nigeria wala ya Marekani. Februari 2017 ilishindwa katika pingamizi la awali, yaani hoja kwamba mahakama haina mamlaka ya kusikiliza kesi, kwa kura 13 dhidi ya 3. Haikuondoka. Iliandika majibu marefu mwishoni mwa 2017 na mengine Desemba 2018. Kisha Machi 2021, siku chache kabla ya vikao, ikatoa taarifa kwamba haitahudhuria. Septemba mwaka huohuo ikaondoa tamko lake la 1965 la kukubali mamlaka ya mahakama, hukumu ikiwa imebakiza wiki chache.

Basi kitendawili si kukataa. Kitendawili ni kukaa miaka yote ile kisha kuondoka ukingoni. Swali jipya nimeliandika ubaoni chumbani: sababu ambazo Kenya ilizitoa zilibadilikaje kati ya 2014 na 2021, na kila sababu ilikuwa ikisemwa kwa masikio ya nani?

Msimamizi amelisoma mara mbili. "Hili sasa lina meno," akasema.

Februari

Pendekezo la utafiti limepita. Sura ya nadharia nimeipa nafasi yake na si zaidi. Wanaoamini kwamba dola hufuata maslahi na nguvu watasema Kenya ilikimbia kwa sababu ilihesabu ikaona inapoteza. Wanaoamini taasisi watauliza kwa nini basi ilipoteza miaka na fedha za mawakili. Mimi nimeegemea wanaouliza dola inajieleza vipi, kwa sababu hata anayevunja kanuni hutafuta kanuni nyingine ya kujifunikia, na shuka analolichagua linasema mengi juu yake.

Njia ya utafiti: kusoma nyaraka kwa mfuatano wa tarehe, hatua kwa hatua, kisha mahojiano machache. Kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayoruhusu utafiti, na barua ya kamati ya maadili ya chuo vimeombwa. Zaidi ya hapo mwezi huu ni wa fomu.

Machi

Nimezama katika mkataba wa maelewano wa tarehe 7 Aprili 2009, na sitarajii kuibuka karibuni.

Kila dola yenye pwani ilikuwa na muda wa kupeleka Umoja wa Mataifa maelezo ya madai yake ya sakafu ya bahari iliyo nje ya maili 200 za baharini. Kwa nchi nyingi, Kenya na Somalia zikiwemo, mwisho ulikuwa Mei 2009. Pale ambapo majirani wanagombana, tume inayochunguza madai hayo haiendelei mpaka wote waridhie. Ndiyo maana wiki chache kabla ya siku ya mwisho mawaziri wa nchi hizi mbili walitia sahihi karatasi ya kuahidi kutopingana mbele ya tume. Agosti mwaka huo bunge la Somalia likaikataa.

Ibara ya sita ya karatasi hiyo inasema kwamba kuchora mpaka katika maeneo yanayogombaniwa kutafanywa kwa makubaliano baada ya tume kutoa mapendekezo yake. Kenya ilijenga pingamizi lake hapo: tulikubaliana kuzungumza, kwa hiyo mahakama haina kazi. Na tamko la Kenya la 1965 kweli lilikuwa na sharti linaloondoa migogoro ambayo wahusika wamekubaliana kuitatua kwa njia nyingine. Hoja ilikuwa na miguu.

Jibu la mahakama linafurahisha kulisoma, walau kwa mtu wa tabia zangu. Somalia ilidai ile karatasi haina nguvu. Mahakama ikasema ina nguvu, ni mkataba halali. Kenya ilidai mkataba huo unafunga mlango wa mahakama; mahakama ikasema haufungi. Kila upande uliambiwa ndiyo na hapana. Magazeti ya siku ile yaliandika nani kashinda. Ile nusu ya kwanza ya jibu, kwamba sahihi ya waziri iliifunga Somalia hata baada ya bunge lake kukataa, ndiyo inayopaswa kuwakosesha usingizi mawaziri wa mambo ya nje wa nchi zetu.

Nimeandika pembeni: *hatua ya kwanza, 2014 hadi 2017. Sababu ya Kenya ni ya kisheria. Msikilizaji ni jaji.*

Aprili

Mwezi wa ramani. Nimeshindia rula.

Kenya ilitaka mpaka utoke ufukweni uende moja kwa moja mashariki ukifuata latitudo. Ilitangaza hivyo mwaka 1979, ikarudia 2005, na ikasema Somalia ilinyamaza miaka yote hiyo, na kunyamaza ni kukubali. Somalia ilitaka mstari wa kati, ambao kila nukta yake iko umbali sawa kutoka pwani za pande zote mbili. Kwa kuwa pwani yetu imelala kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, mstari wa kati hauendi mashariki, unashuka kusini-mashariki. Pembetatu iliyo baina ya mistari hiyo ndiyo ugomvi wenyewe, na humo ndimo Kenya ilikuwa imegawa vitalu vya utafutaji mafuta kwa kampuni kama Eni mwaka 2012.

Hoja ya ukimya nilidhani ina uzito mpaka nilipofika kwenye sheria za Kenya yenyewe. Sheria yake ya bahari ya mwaka 1972 inataja mstari wa kati kwa maji ya karibu. Ile ya 1989 inasema mpaka na Somalia katika ukanda wa kiuchumi, yaani maji ya nje hadi maili 200, utawekwa kwa makubaliano. Ukishaandika katika sheria yako kwamba mpaka utakubaliwa baadaye, ni vigumu kumwambia jaji kwamba ulikwisha kukubaliwa kwa kimya. Mahakama iliyaona hayo, na pia ikazingatia kwamba tangu 1991 Somalia ilikuwa vitani na kwa miaka mingi haikuwa na serikali inayofanya kazi sawasawa. Wakati nyumba inaungua, kimya cha mwenyewe hakihesabiwi kuwa ridhaa.

Lakini Kenya haikutoka mikono mitupu, na hili watu wengi hawalijui. Ina makubaliano na Tanzania, ya 1976 na ya 2009, yanayofuata latitudo upande wa kusini. Ukiuinamisha mstari wa kaskazini huku wa kusini umenyooka, bahari ya Kenya inabanwa na kuwa kipande chembamba kadiri unavyokwenda mbali. Mahakama ilikataa kujifunga na makubaliano ya Tanzania. Hata hivyo ilikubali kwamba, pwani za Somalia, Kenya na Tanzania zikitazamwa kwa pamoja, kuna mbonyeo unaoibana Kenya, ikausogeza mstari upande wa kaskazini. Ndani ya maili 12 kutoka pwani mstari ni wa kati na majaji wote waliafikiana. Kutoka hapo hadi maili 200 ni huo uliosogezwa, kwa kura 10 dhidi ya 4.

Jambo moja zaidi, kwa sababu naliona litanisumbua kwenye utetezi. Redio na mitandao vilisema Kenya imepoteza "ardhi". Maji ya maili 12 tu ndiyo eneo la dola kwa maana kamili. Nje ya hapo dola ina haki za kuvua, kuchimba na kutafiti, lakini meli za wengine hupita zipendavyo. Sehemu kubwa ya pembetatu iko huko nje. Anayesema ardhi imechukuliwa na anayesema haki za uchumi zimegawanywa wanaeleza mstari uleule, ila ni wa kwanza anayejaza uwanja wa mkutano.

Juni, Lamu

Nimeuchagua mwezi huu kwa makusudi. Kusi limeshika, bahari imechafuka, na wenye vyombo vidogo wamekaa pwani wakishona nyavu. Mvuvi aliye nchi kavu ana muda wa mtu mwenye kinasa sauti.

Wanachuo wenzangu wa sheria waliniuliza wavuvi wanaingiaje katika kesi ya dola mbili. Wanaingia kwa jina. Maandishi ya Kenya mahakamani yaliwataja: kwamba mstari wa Somalia ungewadhuru wavuvi wa pwani. Mahakama haikuridhika na ushahidi huo. Nikataka kuwasikia wenyewe.

Mzee mmoja Mbajuni alinipa kiti cha kamba, akaitazama ramani yangu kwa muda. "Huu mstari, mwanangu, waanza wapi?" Nikamwonyesha pale mpaka wa nchi kavu unapoishia, kwenye alama ya zama za Waingereza na Waitalia, mahali panapoitwa Dar es Salam (si jiji la Tanzania; wahariri wawili wamekwisha kunisahihisha bure). Alipajua. Alipajua kwa sababu ana wajomba upande wa pili, kama walivyo Wabajuni wengi, ambao kwao ni visiwa vyote kutoka Lamu kupanda hadi Kismayu.

Hakuzungumzia mafuta. Alizungumzia mashine kuzima. Wakati wa kusi mkondo hukimbilia kaskazini, na chombo kilichokufa mashine hakiulizi mpaka. "Ukipelekwa huko, nani atakayekuja kukutafuta? Wa huku hathubutu, wa huko hakujui." Kisha akaja kwenye doria, na miaka ambayo uvuvi wa usiku ulizuiwa Lamu kwa sababu za usalama. Kwake yeye mpaka ni askari anayekuuliza kitambulisho, na huyo alikuwapo kabla ya The Hague na yuko baada yake.

Vijana walikuwa na hasira zaidi, na hasira zao zilikuwa na maneno ya redioni. Sitayapuuza. Ndiyo ushahidi wa hoja yangu kwamba kuna sababu zilizotungwa kwa ajili ya masikio ya nyumbani, nazo zilifika.

Julai

Mahojiano na wanadiplomasia wastaafu. Wote wameomba wasitajwe, nitawapa herufi. Wawili walisema jambo moja bila kujuana: Nairobi ilitarajia hadi mwisho kwamba Mogadishu ingerudi mezani, kwa kuwa wanajeshi wa Kenya walikuwa Somalia tangu Oktoba 2011 na waliona hilo ni deni. Ni dai la wahojiwa, nitalibandika hivyo. Lakini linapatana na nyaraka: katika kila hatua Kenya inarudia wito wa mazungumzo.

Jedwali la tarehe sasa limefunika ukuta. Februari 2019 Kenya inamwita balozi wake nyumbani ikiituhumu Somalia kunadi vitalu vya mafuta London; Somalia inakana. Vikao vilivyopangwa Septemba 2019 vinasogezwa Novemba, kisha Juni 2020, kisha Machi 2021, kwanza kwa sababu ya kubadili mawakili, baadaye kwa janga la korona. Machi 2020 Somalia inafunga anga yake kwa ndege za miraa kutoka Kenya. Desemba 2020 inakata uhusiano. Machi 2021 Kenya haiendi mahakamani: inalalamikia kusikilizwa kwa njia ya video, mawakili wapya kukosa maandalizi, na kuwamo kwa jaji Msomali, Abdulqawi Yusuf, katika jopo. Mei 2021 uhusiano unarudi kwa upatanishi wa Qatar.

Ukisoma sababu hizo kwa mpangilio, ngazi inaonekana. Kwanza hakuna mamlaka. Kisha hatuna muda. Mwisho hakuna haki. Kila ngazi ina msikilizaji mpana zaidi ya iliyotangulia: jaji, jumuiya ya mabalozi, mwananchi. Hiyo ndiyo tasnifu yangu. Iliyobaki ni kuithibitisha.

Na kuna ile tarehe ambayo nisingethubutu kuibuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 94, unasema dola isipotekeleza hukumu, mwenzake anaweza kwenda Baraza la Usalama. Oktoba 2021, mwezi wa hukumu, mwenyekiti wa Baraza la Usalama alikuwa Kenya.

Septemba

Naandika. Hakuna la kusimulia katika kuandika isipokuwa kwamba asubuhi ni ya sura na usiku ni wa tanbihi. Msimamizi anataka kurasa kila Ijumaa, na ziwe mbaya kama zitakavyokuwa. Ushauri bora niliopata mwaka huu.

Sura ya Bakassi imekatwa. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa tasnifu nyingine. Zimebaki aya tatu za kulinganisha.

Oktoba

Sura ya mwisho, na hapa ndipo nadharia inapopimwa. Kama kukataa hukumu kulikuwa uadui, uhusiano ungevunjika. Haukuvunjika. Uhuru Kenyatta alitamka kwamba Kenya haiitambui hukumu, na uchaguzi ulikuwa Agosti iliyofuata. Mei 2022 Hassan Sheikh Mohamud alirudi madarakani Mogadishu. Ni yeye aliyekuwa rais kesi ilipofunguliwa mwaka 2014. Miezi miwili baadaye ndege za miraa ziliruka tena. Novemba 2023 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya ikiwa mezani, waliikubali Somalia kuwa mwanachama, na Machi 2024 ikakamilisha uanachama wake.

Kwa hiyo naandika hivi: kukataa kwa Kenya kulikuwa hotuba iliyolengwa nyumbani, na kulifunga mlango wa mahakama bila kufunga mlango wa jirani. Sisemi kwamba Kenya imetii. Kunyamaza juu ya mstari si kuukubali, na hilo Kenya yenyewe imelijifunza kwa gharama kubwa.

Msimamizi ameipigia mstari sentensi hiyo ya mwisho. Ameandika: "Ya kejeli. Iache."

Novemba

Ukaguzi wa kufanana kwa maandishi umepita. Ibara za mikataba zilipandisha asilimia, kama inavyokuwa kwa kila anayenukuu sheria. Mkutubi alizoea, hakuuliza.

Utetezi ulikwenda vizuri, jopo la watu watano, chumba bila dirisha. Swali la kwanza lilikuwa lile nililolisubiri tangu Aprili. Profesa wa sheria aliuliza: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 255, inataka kura ya maoni kabla ya kubadili eneo la nchi, je, serikali ingeitekeleza vipi hukumu hata kama ingetaka? Nilijibu kwa maili 12. Nje yake hakuna eneo la nchi la kupigiwa kura. Ndani yake ndiko swali linakouma, ingawa hata huko sheria ya 1972 ilikwisha kutaja mstari wa kati. "Na ibara ya pili ya Katiba hiyohiyo?" akaendelea. Ile inayofanya kanuni za jumla za sheria ya kimataifa kuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Nikasema ndiyo maana suala hili litarudi mahakamani siku moja, na safari hiyo huenda ikawa Nairobi. Akacheka, akaandika kitu.

Swali gumu lilitoka kwa mtahini wa nje: nitajuaje kwamba sababu zilipangwa kwa ajili ya wasikilizaji tofauti, wala si mawakili wapya tu wenye mtindo wao? Nilimpa taarifa za serikali zilizotangulia kubadilishwa kwa mawakili. Aliridhika nusu. Ametaka aya mbili zaidi, na maelezo bora ya makubaliano ya Tanzania. Wamepitisha, marekebisho madogo.

Desemba

Marekebisho yamesainiwa. Nakala zenye jalada gumu zimepelekwa idarani na maktaba, na moja imekwenda Lamu kwa basi pamoja na ramani kubwa, kwa kuwa mzee aliiomba ramani, si kitabu. Sura ya Bakassi iko kwenye folda yake. Mtahini wa nje ameniandikia kuuliza kama naweza kuifanya makala ifikapo Machi.